Kilo za fungate si kilo za ndoa

Leo sina habari ya nani kamwacha nani. Leo tunakaa na mzani.

Siku hizi watu wanapunguzwa tumbo, jamani! Zamani hizi tulizisikia ni habari za matajiri wa Marekani. Sasa hivi mtu anakuaga kwamba anakwenda India mara moja, baada ya miezi sita unakutana naye Kariakoo unampita bila kumjua. Na hapa hapa Dar, pale Mloganzila, wanaweka puto tumboni. Saluni, kwenye vikao vya harusi, ndani ya daladala, swali ni lile lile: "Eti, kapunguza ngapi?"

Mimi nasema swali hilo limekaa upande. Swali la maana ni moja tu: atabaki na ngapi? Maana kupungua kuna mwisho wake, lakini kukaa pale ulipofika ni kazi ya maisha.

KUNA KUKATWA NA KUNA PUTO

Kwanza tuwekane sawa, maana mtaani kila kitu kinaitwa "kukata tumbo". Puto linapitishwa mdomoni, linajazwa likiwa ndani, linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa. Hapo hujakatwa kitu, na likishatolewa njaa yako inarudi kama ulivyoiacha.

Upasuaji wenyewe ni habari nyingine. Upo wa kukata na kutoa kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Upo na ule wa kutengeneza kijifuko kidogo pale juu, kinachobeba kama mililita 30, halafu utumbo unaungwa hapo ili chakula kiruke kipande cha njia yake. Huu wa kuunga ulianza Marekani mwaka 1966, mikononi mwa daktari Edward Mason wa jimbo la Iowa.

Zote mbili hazibanii nafasi tu, zinavuruga pia homoni za njaa. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu anakula vijiko vitatu vya maharage anasema ameshiba, na wala haigizi.

Hiyo ndiyo mimi naiita fungate. Kila wiki kilo zinaporomoka, fundi cherehani hapumziki, picha zinapigwa kila kona. Fungate hiyo inakwenda mwaka mmoja, mwaka na nusu, wengine miwili. Halafu mzani unasimama. Halafu, na hapa ndipo wengi hawajaandaliwa, mzani unapanda kidogo.

Hapo mtu analia chumbani. Anasema pesa zangu zimepotea, Mungu kanisahau, nimeshindwa. Wengine wanaona aibu mpaka wanaacha kwenda kliniki. Kumbe hakuna alichoshindwa. Aliwekewa namba ya uongo tangu mwanzo.

WASWIDI WALIHESABU

Sisemi kutoka kichwani. Kule Sweden, kuanzia mwaka 1987, waliwafuatilia watu 4,047 wenye unene mkubwa. Kati yao 2,010 walipasuliwa na 2,037 hawakupasuliwa. Mwaka 2007 wakatangaza matokeo.

Waliofanyiwa ule upasuaji wa kuunga walifika chini kabisa ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, wakiwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao wa mwanzo. Baada ya miaka 10, upungufu ulikuwa asilimia 25. Kwa hiyo sehemu ya kilo zilirudi nyumbani. Lakini kubwa lilibaki limeondoka, wakati wale wasiopasuliwa miaka yote hiyo walikuwa karibu pale pale walipoanzia. Na waliokufa walikuwa wachache zaidi upande wa waliopasuliwa. Sasa huko ni kushindwa?

Tupige hesabu ya kwetu. Chukua dada mmoja wa Sinza, wa kubuni tu msije mkaanza kumtafuta. Ana urefu wa mita 1.63 na uzito wa kilo 118. Anafanyiwa upasuaji wa kuunga. Akienda kama wale wa Sweden, mzani utashuka hadi kilo 80 hivi, hiyo ndiyo fungate. Baada ya miaka 10 anaweza kuwa na 88. Hiyo ndiyo ndoa.

Sasa nenda kwenye ile chati ya ukutani, ya uwiano wa uzito na urefu. Chati inamwambia dada yetu kwamba anatakiwa asizidi kilo 66! Hata kwenye fungate yake hajaigusa. Akiifanya 66 ndiyo lengo lake, atajiona mkosaji maisha yake yote, huku amebwaga kilo 30 na magoti yake yanamshukuru kila asubuhi.

Na chati yenyewe msiiogope kama hati ya mahakama. Hesabu yake ilibuniwa miaka ya 1830 na Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtaalamu wa hisabati na nyota. Hakuwa daktari, na alikuwa anatafuta wastani wa watu wengi. Wewe na tumbo lako lililopasuliwa hakuwa anawajua. Madaktari wanaitumia kujua nani yuko hatarini, na ni sawa, inasaidia. Ila haikuandikwa ili ikupangie wewe pa kufikia.

Namba nyingine ya uongo ni ile ya picha ya kidato cha nne. "Nataka nirudi nilivyokuwa nasoma." Mwanangu, wakati huo ulikuwa na miaka 17, hujazaa, hujakaa ofisini miaka kumi. Isitoshe, aliyepungua sana anabaki na ngozi iliyolegea, na ngozi nayo ina uzito wake, haitoki kwa kukimbia Coco Beach.

Basi namba ya kweli inatoka wapi? Inatoka pale ulipoanzia. Kabla hujapanda kitanda cha upasuaji, muulize daktari hivi: "Kwa upasuaji huu, na kwa uzito niliokuja nao, watu kama mimi huwa wanakaa wapi baada ya miaka mitano?" Jibu atakalokupa ndilo shina la lengo lako. Na usichukue namba moja, chukua uwanja. Dada wa Sinza angesema, "mimi makazi yangu ni kati ya 82 na 88." Ndani ya hapo analala usingizi. Akigusa 90 anakwenda kliniki wiki hiyo hiyo, hangoji ifike 100.

Halafu weka na malengo yasiyopanda kwenye mzani. Sukari imeshuka? Presha je? Unapanda ngazi ghorofa ya tatu bila kusimama njiani? Umelala usiku kucha bila kukoroma na kukata pumzi? Hayo ndiyo yaliyokupeleka hospitali, msisahau.

HATA MASTAA YAMEWAKUTA

Mnadhani mwenye pesa na madaktari wake haimpati? Diego Maradona, huyo huyo wa kombe la dunia la 1986, alipasuliwa Cartagena, Colombia, mwaka 2005. Miezi michache baadaye alikuwa kwenye televisheni ya kwao Argentina akiendesha kipindi, mwili umekatika, watu hawaamini. Kilo zikarudi. Mwaka 2015 akapasuliwa tena, safari hii Venezuela. Mguu uliowapita Waingereza wote wale haukuweza kuupita mzani.

Mwingine ni Al Roker, mtangazaji wa hali ya hewa wa televisheni ya NBC Marekani. Alipasuliwa mwaka 2002 akapungua sana. Baadaye mama yake alipokuwa mgonjwa wa kufa, kilo kama 18 zikarudi. Alisema mwenyewe hadharani, akaandika kitabu, akajipanga upya akazishusha. Mimi huyu namvulia kofia. Hakujificha, na hakungoja zirudi zote.

Angalia pia kilo zake zilirudi lini. Msiba haujali kwamba mfuko wako wa chakula ni mdogo. Tumbo linakatwa, majonzi hayakatwi.

MDOMO WA MTAA

Na sisi huku tuna letu ambalo Waswidi hawakulihesabu. Ukinenepa unaambiwa mambo yako mazuri, mume anakutunza. Ukikonda unaulizwa unaumwa nini. Sisi wa mji huu tunajua miaka ile ya tisini mtu akikonda ghafla alinong'onwa vipi, na minong'ono hiyo haijahama yote. Mama mkwe anapika wali wa nazi, anakukazia macho mpaka umalize sahani. Shangazi anakwambia, "Rudisha mwili kidogo, umekuwa kama mgonjwa."

Watu wanakula kufunga midomo ya watu. Ndivyo ndoa na mzani inavyovunjika, kijiko kimoja cha heshima baada ya kingine.

Upande wa pili wapo mashosti wanaokupigia makofi ushuke zaidi. "Bado kidogo tu ufike 60!" Hao nao hawalali na wewe pale unapoona kizunguzungu na nywele zinakatika.

Dawa ya wote ni sentensi moja, isemwe kwa upole: "Nimepungua kwa kupenda, daktari wangu anajua, na hapa nilipo ndipo ninapokaa." Kisha mpe shangazi maji ya kunywa, badilisha mazungumzo.

KUITUNZA NDOA

Haya, kilo za ndoa zinatunzwaje? Nawapa yale ambayo kliniki za upasuaji huu huwa zinayasisitiza.

Anza na protini kwenye sahani: samaki, dagaa, mayai, kuku, maharage. Wengi hushauriwa gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Ugali uje nyuma, na nafasi ikiisha basi imeisha.

Usinywe huku unakula. Subiri kama nusu saa baada ya chakula. Na hapa sikilizeni vizuri: kijifuko kidogo kinazuia ugali, hakizuii soda. Soda, juisi ya miwa, chai ya vijiko vinne vya sukari, vyote vinateleza kama mvua kwenye bati. Wengi waliorudisha kilo hawakula sahani kubwa hata siku moja. Walidonoadonoa, bagia moja saa nne, kachori saa sita, soda saa tisa, korosho jioni kwenye foleni.

Pombe ni hatari zaidi. Baada ya kuungwa utumbo, inaingia kwenye damu haraka. Bia mbili za zamani si bia mbili za leo. Watafiti Marekani waliona matatizo ya ulevi yakiongezeka mwaka wa pili baada ya upasuaji, yaani pale pale fungate inapokwisha.

Vitamini ni za maisha: B12, D, madini ya chuma, kalsiamu. Usiache kwa sababu unajisikia poa, maana damu inapungua kimya kimya. Na kina dada, kupungua huku kunafungua uzazi kwa wengi waliokuwa wamekwama. Madaktari wanashauri kungoja mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya mimba, kwa hiyo panga uzazi mapema.

Mazoezi fanya, hata kutembea vituo viwili badala ya bodaboda, na nyanyua vitu vizito kidogo ili misuli isiondoke pamoja na mafuta. Mwili ukishakuwa mdogo unaunguza chakula kidogo. Chakula kilichokushusha kutoka 118 si lazima kikushushe ukiwa na 85, na hapo ndipo mzani unaposimama.

Mwisho, jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, mzani ule ule. Si kila kijana wa mzani unayempita barabarani unamwachia mia mbili yako. Mzani wa Posta na mzani wa Manzese havijuani, vitakutia wazimu bure. Kilo moja juu, kilo moja chini, hiyo ni maji na chumvi. Mwezi mzima ukipanda mfululizo, hiyo ni habari, ipeleke kliniki. Zipo dawa, upo ushauri wa lishe, na kwa wachache upo upasuaji wa kurudia. Daktari mzuri hatakugombeza. Akikugombeza, tafuta mwingine, wapo.

Msimamo wangu ndio huo. Kilo 88 ulizozitunza miaka kumi zina thamani kuliko kilo 66 ulizoziota kila usiku. Chagua namba unayoweza kuamka nayo Jumatatu ya mvua, mshahara umeisha, bosi kanuna. Hiyo ndiyo ya kufunga nayo ndoa.

Haya wapenzi, tukutane wiki ijayo tukijaaliwa. Na huyo anayechungulia gazeti lako kwenye daladala, msogezee naye asome.