Ndege za bei nafuu Ulaya zilizaliwa na kibali, si na bendera

Tarehe 2 Oktoba 2001 ndege za Swissair zilibaki chini. Hazikuwa mbovu. Marubani walikuwepo kazini, abiria walikuwa wamekata tiketi na kufika uwanjani Zurich na mizigo yao. Kilichokosekana ni fedha taslimu ya kulipia mafuta, maana wauzaji walikuwa wamekataa kukopesha tena. Hili ndilo shirika lililoanzishwa mwaka 1931 na kutajirika kiasi cha kupewa jina la "benki inayoruka", fahari ya nchi ambayo matajiri wa dunia nzima hupeleka akiba zao kutunzwa.

Mwezi uliofuata likaanguka Sabena la Ubelgiji, ambalo Swissair ilikuwa na karibu nusu ya hisa zake. Wakongo hawahitaji kuelezwa Sabena ni nini. Tangu mwaka 1935 ndiyo iliyokuwa na safari za ratiba kati ya Brussels na Kongo. Ilidumu miaka 78, ikatoweka.

Sasa la ajabu ni hili. Katika miaka hiyo hiyo ambayo mashirika ya taifa yalikuwa yanazikwa, nauli za ndege ndani ya Ulaya zilikuwa zinashuka na abiria wanaongezeka. Fundi, mhudumu wa hoteli na muuza nguo, watu ambao baba zao hawakuwahi kuota kupanda ndege, walianza kupanda. Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki, ambaye kila baada ya miaka michache huonyeshwa ndege mpya yenye bendera mkiani na kuambiwa ashangilie, anayo sababu ya kuuliza ilikuwaje.

Jibu linaanzia kwenye kibali. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulithibitisha kwamba kila dola ndiyo mwenye mbingu zake. Kwa hiyo safari ya kati ya nchi mbili ilihitaji makubaliano ya serikali mbili, na kawaida makubaliano hayo yalitaja shirika moja la kila upande. British Airways upande huu, Aer Lingus upande ule. Air France huku, Alitalia kule. Nauli ilipaswa kukubaliwa na serikali zote mbili, na mara nyingi mashirika yenyewe yaligawana idadi ya viti na hata mapato. Ni sawa na soko lenye maduka mawili tu, wenyewe wanapatana bei asubuhi na kugawana mauzo jioni, huku askari wa soko akimfukuza yeyote anayetandika mkeka wake. Bei haiwezi kushuka hapo, hata wenye maduka wawe watu wema namna gani.

Walioumia zaidi walikuwa Wairishi. Maelfu walifanya kazi Uingereza, ng'ambo ya bahari nyembamba, lakini kwenda kuzika mzazi nyumbani walipanda meli na treni usiku kucha kwa sababu ndege ilikuwa ya wakubwa. Mwaka 1985 kampuni ndogo iitwayo Ryanair ilianza na ndege ya viti 15 kati ya Waterford na London Gatwick. Mwaka uliofuata serikali za Ireland na Uingereza zililegeza mkataba wao, Ryanair ikaruhusiwa kuruka kati ya Dublin na Luton, na ikatoza chini ya nusu ya nauli ya wakubwa wale wawili. Ndege hazikuwa za aina mpya. Kilichobadilika ni karatasi iliyotiwa saini na serikali mbili.

Kibali pekee hakikutosha, na hapa wapo wanaosimulia habari hii kama hekaya. Miaka yake ya mwanzo Ryanair ilipata hasara juu ya hasara. Ndipo Michael O'Leary alipotumwa Texas kwenda kuitazama Southwest, iliyokuwa ikiuza tiketi rahisi tangu 1971 na bado ikipata faida. Alichokiona huko dereva yeyote wa lori la Namanga au Rusumo angekielewa bila kufundishwa: chombo kikisimama kinakula fedha. Lori lililolala siku tatu mpakani linadaiwa na benki siku zote tatu. Southwest iligeuza ndege upesi mno. Abiria wanashuka, wengine wanapanda, inaondoka. Ryanair ikalenga dakika 25. Ikawa na aina moja ya ndege, Boeing 737, ili fundi asihitaji vipuri vya aina tano na rubani yeyote aweze kuendesha yoyote. Chakula cha bure kikaondolewa. Viwanja vya pembeni, vyenye njaa ya wateja, vikapendelewa kwa sababu vilitoza kidogo.

Mlango ukafunguliwa kwa upana kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Nchi za Jumuiya ya Ulaya, baada ya kwenda hatua kwa hatua tangu 1987, zilikubaliana kwamba shirika lolote lenye leseni ya nchi moja mwanachama lingeweza kuruka kati ya nchi yoyote na nyingine ndani ya jumuiya na kujipangia nauli. Kufikia Aprili 1997 lilikuwa huru hata kubeba abiria ndani ya nchi isiyo yake: kampuni ya Ireland kuchukua Mwitaliano kutoka mji mmoja wa Italia na kumshusha mji mwingine wa Italia.

Novemba 1995 Stelios Haji-Ioannou, kijana kutoka familia ya wenye meli, alianzisha easyJet kwa ndege mbili za kukodi kutoka Luton kwenda Scotland. Nauli ya kwenda ilikuwa pauni 29, ikitangazwa kuwa ni bei ya suruali ya jinzi. Namba ya simu ya kukatia tiketi ilipakwa ubavuni mwa ndege ili wakala asikate kamisheni yake. Mei 2004, mwezi ule ule nchi kumi zilipojiunga na Umoja wa Ulaya, Wizz Air ilianza kuruka kutoka Katowice nchini Poland, na vibarua waliokuwa wakisafiri kwa basi siku nzima wakawa na njia nyingine. Ryanair yenyewe, ile ya viti 15, katika mwaka ulioishia Machi 2025 ilibeba abiria wapatao milioni 200.

Uhuru huo ulikuja na meno. Serikali hazikuruhusiwa tena kumwaga fedha za kodi kwenye shirika lao kila linapoanguka. Ufaransa ilipotaka kuipa Air France faranga bilioni 20 mwaka 1994, ilibidi ipate ridhaa ya Tume ya Ulaya kwa masharti. Italia haikukoma kuiokoa Alitalia, mara kwa mara, hadi tume ikaamua kwamba mkopo wa yuro milioni 900 wa mwaka 2017 ulikuwa kinyume cha sheria. Oktoba 2021 Alitalia ikaruka kwa mara ya mwisho. Asiyekubali ukweli huu hataki kuona jambo lenyewe: bei nafuu ililipiwa, na sehemu ya malipo ilikuwa kuacha baadhi ya mashirika yafe.

Wapo waliolipa bila kuulizwa. Wafanyakazi wa Ryanair walisubiri hadi mwisho wa 2017 kampuni ikubali kutambua vyama vyao. Abiria aliyeuziwa tiketi ya "Frankfurt" alijikuta Hahn, kilomita kama 120 kutoka mjini. Kampuni za bei nafuu nazo hufa, Debonair mwaka 1999, Air Berlin 2017, WOW ya Iceland 2019, na kila mara watu huachwa viwanjani. Tangu 2005 sheria ya Ulaya inamlazimisha mwenye ndege kumlipa abiria kati ya yuro 250 na 600 safari inapofutwa ghafla kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wake. Nauli ya chini bila sheria ya namna hiyo ni bahati nasibu.

Mchuuzi wa vitenge asome hapa taratibu. Ryanair haibebi shehena. Tiketi ni rahisi kwa sababu mtu anapanda na kibegi, na kila kilo inayozidi inatozwa. Kuiga mtindo huo kama ulivyo kungemfaa anayekwenda Kampala kutia saini mkataba. Mwenye marobota matatu usingemfaa sana.

Na umeshajaribiwa hapa. Fastjet, iliyotumia jina kwa makubaliano na kampuni ya Stelios huyo huyo, ilianza safari zake Dar es Salaam Novemba 2012 kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli za chini kabisa zikiwa shilingi 32,000 kabla ya kodi. Watu waliokuwa wakipanda basi kwenda Mwanza waliionja ndege. Lakini Fastjet ilizaliwa kwenye mbingu za mtindo wa zamani, ambako kila mpaka una mazungumzo yake. Nairobi, iliyo karibu na Dar es Salaam kuliko Mwanza ilivyo, iliingia kwenye ratiba yake zaidi ya miaka mitatu baadaye. Kufikia mwanzo wa 2019 safari zake Tanzania zilikuwa zimekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 1946 yalianza mashirika mawili yaliyofanana sura. Kaskazini mwa Ulaya, Denmark, Norway na Sweden zilianzisha SAS, hisa tatu kati ya saba za Sweden na mbili mbili za wenzake. Afrika Mashariki, chini ya Waingereza, ikaanza East African Airways ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. SAS ilipitia ugomvi, migomo na hatimaye mufilisi. Ilipotoka mwaka 2024 Sweden na Norway hazikuwa tena na hisa, na Air France-KLM ilikuwa miongoni mwa wamiliki. Lakini inaruka. East African Airways ilivunjika mwanzoni mwa 1977, wanachama wakilaumiana kuhusu nani hajapeleka fedha Nairobi. Ndege zikasimama, jumuiya ikafa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Waliokuwa wakipitisha bidhaa Namanga wakati ule walijua gharama yake.

Serikali za Afrika zilikubaliana kufungua mbingu huko Yamoussoukro mwaka 1999, kisha mwaka 2018 nchi 23 zikazindua soko moja la usafiri wa anga. Nia haijakosekana. Kilichokosekana ni chombo chenye uwezo wa kumwambia waziri "hapana" kama tume ile ilivyoiambia Italia. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kuzizuia ndege za abiria za Kenya Airways kwa sababu Kenya iliinyima Air Tanzania kibali cha kubeba shehena kati ya Nairobi na nchi za tatu. Mawaziri wakapigiana simu, siku chache baadaye yakaisha. Mgogoro mzima ulihusu mizigo, yaani mali ya wafanyabiashara, na hakuna mfanyabiashara hata mmoja aliyekuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake.

Kwa hiyo wenye vyama vya wafanyabiashara wanapokaribishwa uwanjani kupokea ndege mpya, wawe na swali moja mfukoni: ndege hiyo ya mizigo imeruhusiwa kushuka nchi gani, na kampuni ya jirani ikitaka njia hiyo hiyo kwa bei ya chini, nani mwenye mamlaka ya kuikatalia?