Chuo kifungue milango usiku wa mbalamwezi
Na Saidi Ndayizeye

Wavuvi wa ndagala hutoka jua likizama. Katamarani husukumwa majini, taa huwashwa, na samaki hufuata mwanga mpaka juu ya wavu. Mwezi ukiwa mpevu kazi hulala, kwani Ziwa Tanganyika lote linang'aa na taa haivuti kitu. Basi Chuo Kikuu cha Burundi kikikubali pendekezo langu la kuandaa jioni ya wazi ya utafiti hapa mtaani Kigobe, tarehe ipangwe kwa kufuata mwezi, ili wavuvi nao waje.

Huko Ulaya, tangu 2005 Umoja wa Ulaya hugharamia Usiku wa Watafiti kila Septemba. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana Wiki ya Utafiti na Ubunifu. Sisi tuna chuo kilichoanza 1964, na tuna ziwa lenye kina cha mita 1,470 ambalo wanasayansi hulifuata kutoka mbali. Ila tasnifu huandikwa Kifaransa, hutetewa mbele ya jopo, kisha huwekwa kabatini.

Na yapo ya kusimuliwa: mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu Tanganyika yetu. Maji ya juu yanazidi kupata joto, yanakuwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na ya chini, kwa hiyo rutuba iliyoko kilindini haipandi kulisha vijimea. Vijimea hulisha vidudu, na vidudu ndio chakula cha ndagala. Walikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea huenda umeshuka kwa asilimia 20, na samaki kwa asilimia 30 hivi.

Mama anayeuza ndagala sokoni huona fungu likipungua na bei ikipanda, na jibu analopewa ni moja tu: nyavu haramu. Nyavu zina lawama yake, sikatai. Lakini ana haki ya kusikia habari ya joto pia, na kuipinga akiona haifanani na anayoyaona yeye. Mvuvi aliyezeeka majini atamuuliza mtafiti mbona msimu fulani samaki walijaa, na swali hilo laweza kumrudisha mtafiti kwenye daftari zake. Tanzania ilianza 2024 kufunga uvuvi wa ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Anayeambiwa aweke wavu chini miezi mitatu anastahili kupewa sababu na waliopima wenyewe, ana kwa ana.

Kwa nini Kigobe? Kwa sababu Bunge lina ukumbi wake hapa. Anayepiga kura ya sheria ya uvuvi na anayeanika samaki wakae safu moja, wapokezane darubini, watazame tone la maji ya ziwa na vijidudu vinavyohangaika ndani yake. Maelezo yatolewe kwa Kirundi na Kiswahili, mtu wa mtaa wa Buyenzi asihitaji mkalimani.

Na chuo kitenge pesa za mabasi ya kuwarudisha watu Kabezi na Gatumba. Usiku usafiri ni wa kubahatisha, mafuta nayo yanapatikana kwa shida, na mama mwenye watoto nyumbani hatakuja kama hajui atarudije.