Kikomo cha dogo wa Sindeni kakipima nani?

Vijana wanaocheza BuzzerBeater, ule mchezo wa intaneti wa kuendesha timu ya kikapu, wanajua jambo ambalo wasaka vipaji wengi wa soka letu hawataki kulisikia. Ndani yake kila mchezaji ana kikomo. Ngazi ziko 12: ya juu kabisa ni ya gwiji wa nyakati zote, ya chini kabisa, eti, ni ya mtangazaji! Yaani huyo uwanjani hana lake, apewe kipaza sauti.

Lakini ngazi ni jina tu. Namba iliyo nyuma yake haionyeshwi, kwa hiyo wenye timu hukaa na kikokotoo wakiitafuta. Njia yao ni kumfanyisha mchezaji mazoezi, wiki baada ya wiki, mpaka kasi ya kupanda ishuke ghafla. Hapo ndipo wanaandika: huyu kafika. Aliyesugua benchi hawamhesabu, maana kuganda kwake hakusemi lolote kuhusu kikomo, kunasema habari za dakika zake. Kule anayetaka mazoezi kamili ya wiki lazima acheze dakika 48 katika nafasi inayofundishwa. Hakuna ujanja.

Sasa njoo Sindeni, wilayani Handeni, au vuka uende vijiji vya Korogwe. Dogo wa miaka 15 anapiga chandimu jioni, peku. UMISSETA ikija anaonekana siku chache, basi. Akibahatika kufika kwenye majaribio mjini anapewa dakika 20 katikati ya umati, kisha anaambiwa mwili hana, arudi nyumbani. Kikomo chake kimeshaandikwa, na mazoezi ya maana hajapata hata wiki moja.

Mwili nao huwadanganya hata wakubwa. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua Mtanzania Hasheem Thabeet, mrefu wa zaidi ya mita mbili, awe wa pili katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Klabu zile zina fedha, zina video, zina madaktari, na bado zilikosea namna ile. Thabeet alianza kikapu akiwa tayari kijana, na msimu wake wa kwanza haujaisha akateremshwa ligi ya chini. Urefu wake ulisomwa kama kikomo. Kwenye BuzzerBeater urefu hubadilisha kasi ya kujifunza stadi fulani tu.

Na Mbwana Samatta je? African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe mwaka 2011. Mazembe ndiyo iliyompa dakika, miaka kama mitano ya dakika, mpaka ubingwa wa Afrika wa 2015. Genk ikafuata, akatwaa ubingwa wa Ubelgiji 2019, na Machi 1, 2020 akaifunga Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi akiwa na Aston Villa. Wakati huo ana miaka 27. Nani angeithubutu namba hiyo alipokuwa Mbagala?

Si kwamba kila mtoto ni Samatta. Vikomo vipo, na wengi vyao ni vya chini. Ila kikomo hujulikana kwa kufikiwa, na wilaya isiyo na ligi ya vijana ya kila wiki haijamfikisha mtu popote.

Vyama vya soka vya wilaya vianze na ligi hiyo, na daftari. Mwalimu wa michezo aandike nani kacheza dakika ngapi, nafasi gani, na kazaliwa lini. Hapo kwenye kuzaliwa pasiwe na longolongo: dogo wa miaka 19 akiandikwa 16 ataonekana moto wa kuotea mbali, na atakuwa amemnyima nafasi wa 16 wa kweli ambaye bado anakua.