Sahani ya Jirani Isiishie Ramadhani



Wasomaji wapenzi, kila ifikapo Shaaban mitaa yetu ya pwani, kuanzia Lamu na Malindi hadi Mombasa na Kwale, huingia katika shughuli njema. Misikiti hukusanya michango, akina mama huandika orodha za wajane, mayatima na wazee, na vijana hubeba mifuko ya mchele, unga, sukari, mafuta na tende nyumba kwa nyumba. Ramadhani ikiingia, sahani za futari hupishana vichochoroni kabla ya adhana ya magharibi. Ni ada nzuri tuliyoirithi, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote wanaoidumisha.

Lakini mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, na Ramadhani huchukua 29 au 30 tu kati ya hizo. Siku zinazobaki zinapindukia 320. Katika siku hizo, bibi kizee aishiye peke yake, ambaye mlango wake umerudishwa tangu asubuhi, anakula nini adhuhuri? Na ni nani anayejua kama amekula?

Tulitazame jambo hili kwa macho ya mpishi. Mfuko wa unga haumshibishi mtu mpaka upate maji, moto na mkono wa kusonga sima. Mzee ambaye magoti yamemwishia nguvu hawezi kuinamia jiko la makaa. Mwenye mtoto wa jicho huogopa kuwasha gesi. Mwenye mikono inayotetemeka hawezi kuepua sufuria ya maji yanayochemka bila kujihatarisha. Mchele umo ndani, mafuta yamo, lakini mchana kutwa mzee amekula kipande cha mkate na chai ya rangi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mkono wake. Jirani akipita akamuuliza, hujibiwa, "Nimekula, mwanangu, alhamdulillahi." Wazee wetu walilelewa kwa staha, siri ya tumbo hawaitoi nje.

Imesimuliwa na Aslam, mtumishi wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), kwamba usiku mmoja nje ya Madina walimkuta mwanamke na watoto wanaolia kwa njaa. Mama huyo alikuwa amebandika chungu chenye maji matupu ili watoto wanyamaze mpaka usingizi uwachukue. Khalifa alirejea mjini, akajitwika mwenyewe unga na mafuta, na Aslam alipotaka kumpokea mzigo, akakataa. Kisa hiki tumekisikia mara nyingi mimbarini, na aghalabu huwa tunaishia hapo penye mzigo. Sehemu inayofuata ndiyo inayotuhusu leo. Sayyidna Umar hakuutua mzigo akenda zake. Aliupuliza moto, moshi ukimpita ndevuni, akapika, akapakua, na hakuondoka mpaka watoto waliposhiba na kucheka. Kupeleka unga ni mwanzo wa wema. Kuhakikisha kwamba mtu amekula ndio ukamilifu wake.

Huenda mtu akasema kwamba wazee wana watoto wao, na Serikali nayo ipo. Ni kweli. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 57, inatambua haki ya wazee kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliosajiliwa, wenye umri wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Tukizigawa kwa siku 30, hazifiki shilingi 67 kwa siku. Watoto nao, walioko Nairobi, Doha au Jeddah, wengi wao hawajawasahau wazazi. Hutuma pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi. Lakini pesa za simu hazikoki moto wala hazichambui mchele. Ndiyo maana hesabu hii si ya maskini peke yao. Mzee mwenye nyumba yake na akiba yake, ila hana nguvu za kupika, huweza kulala njaa sawa na asiye na kitu.

Na njaa ya mzee si kama njaa ya kijana. Wazee wengi wanatumia dawa za maradhi ya sukari. Baadhi ya dawa hizo, ikiwemo insulini, zikitumiwa bila chakula huweza kushusha sukari mwilini kupita kiasi. Mgonjwa hutokwa na jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na mwisho huweza kuzimia. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe haraka maji ya sukari au soda ya kawaida. Akiwa amepoteza fahamu, asitiwe kitu chochote kinywani, bali apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kwa hivyo sahani ya saa saba mchana kwa mzee kama huyu ni sehemu ya tiba yake. Ikichelewa mpaka alasiri, huenda anayeileta akagonga mlango usioitikiwa.

Kazi ya kuwapelekea chakula kilichopikwa wasioweza kupika imewahi kufanywa na wengi, na mara nyingi imeanzwa na wanawake. Huko Uingereza, mwaka 1943, Vita Vikuu vya Pili vikiwa vingali vinaendelea, jumuiya ya wanawake wa kujitolea iliyoundwa mwaka 1938 ilianza kupeleka milo majumbani. Baadhi ya vikundi vya mwanzo vilitumia vigari vikuukuu vya kubebea watoto, chakula kikizungushiwa majani makavu kisipoe. Marekani ilifuata katika mji wa Philadelphia, Januari 1954, na miongoni mwa waliobeba sahani walikuwamo wanafunzi wa sekondari. Ilipofika mwaka 1972, nchi hiyo ikapitisha sheria ya kugharimia milo ya wazee kwa fedha za taifa. Tazameni utaratibu wake: vigari na mikono ya kujitolea vilitangulia, sheria ikaja baadaye.

Nasi katika historia ya Uislamu tuna mfano mkubwa zaidi wa chungu kisichongoja msimu. Mwaka 1552 Hurrem Sultan, mke wa Sultan Suleiman wa dola ya Uthmaniya, aliweka wakfu jiko la umma katika mji wa Quds. Jiko hilo liligharimiwa kwa mapato ya ardhi na vijiji vilivyowekwa wakfu, na kwa sababu hiyo liliweza kupika kila siku bila kungoja mfadhili apite.

Mtaa wetu hauhitaji jiko la Sultan. Unahitaji nyumba saba. Kila nyumba hupika chakula chake kama kawaida, na siku moja katika wiki huongeza sahani moja ya mzee mmoja. Nyumba ya kwanza Jumamosi, ya pili Jumapili, mpaka Ijumaa. Kwa kila nyumba hizo ni sahani 52 kwa mwaka. Kwa mzee ni chakula cha mchana kila siku. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Dharr (r.a.) iliyomo katika Sahih Muslim, alimuusia sahaba wake anapopika mchuzi aongeze maji yake na awaangalie majirani zake. Wasia huo hauhitaji utajiri. Unamtaka mpishi amkumbuke jirani wakati chungu kingali jikoni, si baada ya watu wa nyumba kula na kubaki makombo.

Mambo machache yafaa kupangwa kabla ya kuanza.

Kwanza, orodha. Mama mmoja anayeaminika mtaani apite nyumba kwa nyumba. Asiulize ni nani maskini, bali ni nani asiyeweza kupika. Aulize pia maradhi, meno, na chakula ambacho mzee mwenyewe anakipenda na asichokipenda. Mzee kupewa chakula hakumwondolei haki ya kuchagua.

Pili, chakula chenyewe. Mwenye sukari asijaziwe wali sahani nzima. Apunguziwe wali, aongezewe mchicha, kunde au samaki. Mwenye presha aepushwe na ng'onda na papa mkavu, kwani chumvi yake ni nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Asiye na meno apikiwe laini: mbaazi za nazi zilizoiva sana, shurba, samaki aliyetolewa miiba, muhogo uliopondwa. Mwenye mashariti ya daktari, mashariti hayo yaandikwe na kila nyumba ipewe nakala. Na maji yasisahauliwe, kwa kuwa mtu akizeeka kiu humpungua hata pale mwili unapohitaji maji.

Tatu, wakati na joto. Chakula kilichopikwa kisikae nje kupita saa mbili, na katika siku za joto kali linalozidi nyuzi 32, kisizidi saa moja. Wali ndio wa kuhadhari zaidi, na wa nazi huchacha upesi. Kipakuliwe kingali na moto, kitiwe katika hotpoti au bakuli lenye kifuniko, na kipelekwe papo hapo. Kikibaki, mzee aambiwe waziwazi asikiweke mpaka usiku, ila awe na friji.

Nne, mpelekaji. Hapa ndipo penye siri ya huduma yote. Mpelekaji apige hodi, asubiri, aamkie, "Shikamoo, bibi," akae kidogo mpaka tonge la kwanza liliwe. Katika dakika hizo tano ataona mguu uliovimba, dawa zilizokwisha, taa iliyoungua, au uso uliobadilika tangu jana. Kwa bibi anayeishi peke yake apelekwe msichana au mama, na ni bora wawe wawili. Ufunguo wa akiba uwe kwa jirani ambaye mzee mwenyewe amemridhia. Na mlango usipoitikiwa, mpelekaji asiiache sahani kizingitini akaondoka. Amwite jirani huyo wakati huohuo. Watoto wetu wa madrasa wanaweza kufunzwa kazi hii wakifuatana na mkubwa, nao watapata elimu isiyopatikana ubaoni.

Sasa tuseme neno juu ya heshima, maana wema usio na staha huacha kidonda. Imekuwa mazoea siku hizi mzee apewe mfuko wa chakula kisha apigwe picha akiwa ameushika, na jioni picha ikawa imezunguka katika simu za mji mzima. Mjukuu wake ataiona. Wanafunzi wenzake wataiona. Wafadhili wakitaka hesabu, wapewe daftari lenye tarehe na idadi ya sahani. Uso wa mzee si risiti. Surat Al-Insan, katika aya ya 8 na ya 9, inawasifu wanaowalisha maskini, yatima na mfungwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bila kutaka kwao malipo wala shukrani. Picha ni namna moja ya kudai shukrani.

Kuna na jambo la sahani yenyewe. Kwetu pwani sahani ya jirani hairudi tupu, na mzee aliyezoea kupokea na kurudisha huona haya anapokuwa hana cha kutia. Msimkataze kurudisha. Akitia vikuba vya asumini, ndimu mbili za uani au kijani cha mrehani, pokeeni kwa furaha na mseme asante. Akiwa hana hata hicho, mwombeni dua, au mwulizeni namna alivyokuwa akipika samaki wa kupaka enzi zake. Mtu anayetoa na kupokea hubaki kuwa jirani.

Na Ramadhani yenyewe ina pengo lake. Mzee mgonjwa aliyeruhusiwa kutofunga anahitaji chakula adhuhuri, saa ambayo majiko yote ya mtaa yamezima mpaka alasiri. Sahani nyingi zitamfikia magharibi, zote kwa pamoja, naye ameshinda na njaa mchana kutwa pamoja na dawa zake. Zamu ya nyumba saba isisimame mwezi huo. Iwepo nyumba itakayompikia mapema, bila kumwonesha kwamba anawasumbua waliofunga.

Dada zangu, wala hatuhitaji kungoja kamati kubwa ili tuanze. Baada ya sala ya Ijumaa hii, mama mmoja awaite sita wenzake, wamtaje mzee mmoja wa mtaa wao, wagawane siku. Kesho Jumamosi sahani ya kwanza itoke, na Jumamosi inayofuata nyumba ile ile ipike tena. Mitaa iliyo na wazee wengi itahitaji nyumba nyingi zaidi, na penye uwezo, duka au chumba kilichowekwa wakfu kitasaidia gharama za makaa, mafuta na nauli ya tuktuk. Hayo yatakuja. Mzee aliye kichochoro cha pili anahitaji chakula cha kesho.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaolisha kwa ajili Yake, awape wazee wetu afya na mwisho mwema, na atupatie nasi, uzee utakapotufika, mtu wa kupiga hodi.

Wabillahi tawfiq.