RADA: TUNAKUMBUKA CHENJI, TUMESAHAU MAKARATASI

Ikitajwa rada, watu wanakumbuka maneno mawili tu: vijisenti na chenji. Leo naleta neno la tatu ambalo halichekeshi hata kidogo: makaratasi. Msifunge ukurasa kwanza, maana makaratasi ndiyo yaliyoiponza BAE Systems mahakamani.

Kwa wale waliokuwa wadogo: mkataba wa rada ya kuongozea ndege, ya jeshi na ya kiraia kwa pamoja, ulisainiwa mwaka 1999. Bei ilikuwa pauni milioni 28, karibu dola milioni 40. Kati ya mwaka 2000 na 2005, kampuni ikazilipa kampuni za dalali mmoja wa hapa Bongo kama dola milioni 12.4. Piga hesabu mwenyewe, inakaribia theluthi ya bei nzima!

Sasa sikia. Kwenye vitabu vya hesabu, hela yote ile iliandikwa kuwa ni malipo ya huduma za kiufundi. Ufundi gani jamani? Dalali alishika bisibisi?

Desemba 2010, mbele ya mahakama ya Southwark kule London, kampuni ilikiri kosa. Si rushwa, hapana, haikushtakiwa kwa rushwa. Ilikiri kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Faini ikawa pauni laki 5, na kwa makubaliano na wachunguzi wa Uingereza, pauni milioni 29.5 zikaja kwa Watanzania. Ndiyo hiyo chenji iliyonunua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Tukashangilia madawati, haki yetu. Lakini mimi kinachonikera ni kwamba ule uongo wa maneno mawili ulifukuliwa na wapelelezi wa nje, miaka kibao baadaye. Je, mnunuzi angeweza kuudaka mapema? Mimi si mwanasheria, nimeishia kidato cha nne, ila nadhani ndiyo. Angalia wenzetu wanavyofanya.

Jeshi la Marekani likinunua mtambo, mkataba unaambatana na orodha ya nyaraka, kwenye fomu yao inayoitwa DD 1423. Kila waraka una mstari wake: jina lake, namba ya maelezo yanayoonyesha uandikwe vipi, uletwe lini, mara ngapi, apewe nani, nani auidhinishe. Ripoti ya majaribio, michoro, kitabu cha matengenezo, ripoti ya gharama, kila kimoja kivyake. Na maelezo hayo ni ya aina moja, hivyo muuzaji hawezi kuleta kurasa mbili za porojo akasema hii ndiyo ripoti. Kisichoandikwa kwenye orodha, usitegemee kukipata. Ukirudi baadaye kukiomba, utatajiwa bei nyingine.

Tena msidhani fomu ni dawa ya kila kitu. Hao hao Wamarekani walinunua ndege za F-35 bila kujihakikishia data za kiufundi za kutosha. Mwaka 2023 wakaguzi wa Bunge lao, GAO, walisema ndege zilizokuwa tayari kwa kazi mwezi Machi mwaka huo ni kama asilimia 55 tu. Moja ya sababu walizotaja ni kukosa data hizo: jeshi linamtegemea mtengenezaji kwa matengenezo ambayo lingetaka kuyafanya lenyewe. Yaani ndege yako, spana yako, halafu maelekezo kayashika muuzaji. Kama wao yamewakuta, nchi inayonunua kwa mkopo itakuwaje?

Najua kuna mdau ataandika hapo chini, "hayo ni mambo ya usalama wa taifa, dogo kaa kimya." Mkuu, nimekuelewa. Rada inaona umbali gani, hiyo siri, sitaki kuijua. Lakini kuwepo kwa kitabu cha matengenezo si siri. Kwamba muuzaji alipe nani, kiasi gani, na aliyelipwa alete ripoti ya kazi aliyofanya, hiyo inamsaidia adui gani? Kariakoo ukinunua simu unadai risiti na garantii, na muuzaji haoni kama unamchunguza.

Mstari mmoja tu kwenye mkataba ule ningeutaka hivi: kila anayelipwa kwa huduma za kiufundi, ripoti ya kazi yake imfikie mnunuzi ndani ya siku 30, ikiwa na jina la mtu, tarehe na kilichofanyika. Dalali angeandika nini pale?

Mliowahi kufanya kazi stoo au kwenye manunuzi, hata ya halmashauri, tupeni uzoefu kwenye maoni: nyaraka za mtambo huwa mnazidai kabla ya kusaini, au mnazikumbuka mtambo ukishaharibika?