Punguza Redio, Usipunguze Uhai

Kuna watu wa aina mbili wanaoniudhi kila mazungumzo yanapofika kwenye gari la bei rahisi. Wa kwanza ni wale wanaolicheka. Kwao, gari lisilo na kiyoyozi, lenye vioo vya kupandisha kwa mkono na injini inayolia kama cherehani, si gari bali ni aibu yenye magurudumu manne. Wa pili ni wale wanaolitetea kupita kiasi. Kwao, mtu wa kipato kidogo akipata chombo chochote chenye paa na milango, anyamaze na kushukuru. Akiuliza habari za usalama wake, anajibiwa kwamba ajali haina kinga. Nitagombana na wote wawili, lakini zaidi na hawa wa pili. Dharau ya wale wa kwanza huumiza moyo tu, ilhali hoja ya hawa wa pili huua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gari lisilo na makorokoro lina hekima yake. Kitu kisichokuwepo hakiharibiki. Kioo cha kuzungusha kwa mkono hakina mota ya kuungua, na usukani usio na umeme hauna waya wa kukatika. Fundi wa Katwe hapa Kampala anaweza kulifungua gari la namna hiyo kwa spana zake, akaligundua tatizo kwa sikio, bila kutafuta kompyuta. Uzito wake ni mdogo, kwa hiyo halinywi mafuta kama mlevi. Kwa muuguzi anayetoka zamu usiku, kwa mwalimu mwenye watoto watatu na kwa mama anayepeleka mboga sokoni alfajiri, gari kama hilo si pambo. Ni mvua isiyomnyeshea mtoto na safari isiyomtegemea mtu mwingine.

Wazo hili si jipya wala si la watu wa mataifa maskini peke yao. Mwaka 1948 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilionyesha hadharani gari la 2CV mjini Paris. Waliolibuni walikuwa wametakiwa kutengeneza chombo cha kubeba wakulima wawili na kilo 50 za viazi, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Walioliona walicheka. Gari hilo liliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1990, na waliocheka wengi walikuja kulipanda.

Gari lililobeba wazo hilo kwa ujasiri kuliko yote katika zama zetu ni Tata Nano ya India. Ratan Tata, aliyeongoza kundi la makampuni la Tata, alieleza kwamba alipata wazo hilo kwa kuona familia nzima ikisafiri juu ya skuta moja. Mtu wa Kampala hahitaji kuelezwa picha hiyo. Tunaiona kila asubuhi: bodaboda moja, dereva mbele, mama nyuma, mtoto wa shule amebanwa katikati. Januari 2008, mjini New Delhi, Nano ilionyeshwa ikiwa na ahadi ya bei ya rupia 100,000. Ili kuifikia bei hiyo, wahandisi walichambua kila kipande. Waliweka waipa moja badala ya mbili. Kila gurudumu lilifungwa kwa nati tatu. Toleo la chini lilikuwa na kioo cha pembeni upande mmoja tu, na buti yake haikufunguka kwa nje. Injini ilikuwa ya silinda mbili, nayo ilikaa nyuma.

Kufikia hapo mimi napiga makofi. Waipa moja inafuta maji. Nati tatu zinashika gurudumu. Mtu asiye na kiyoyozi atateremsha kioo. Huo ni uhandisi wenye heshima, kwa kuwa unamwondolea mnunuzi gharama bila kumwondolea kitu asichoweza kuishi bila hicho.

Lakini wahandisi na wahasibu hawakuishia hapo. Januari 2014 shirika la Global NCAP, linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, lilitoa matokeo ya magari madogo matano yaliyouzwa India. Jaribio lilifanywa kwa mwendo wa kilomita 64 kwa saa. Nano, Suzuki Maruti Alto 800, Hyundai i10, Ford Figo na Volkswagen Polo isiyo na mifuko ya hewa yote yalipata nyota sifuri katika kumlinda mtu mzima. Kwa Nano na mengine mawili, wapimaji walisema kwamba mwili wenyewe wa gari ulikuwa dhaifu mno, kiasi kwamba hata mifuko ya hewa ingesaidia kidogo tu. Polo ilipojaribiwa tena ikiwa na mifuko miwili ya hewa, ilipata nyota nne.

Hebu tulitazame tukio hilo vizuri. Polo ni ileile, bati lilelile, injini ileile. Kilichotenganisha sifuri na nne ni kifaa ambacho kampuni ilikuwa nacho tayari ghalani na ilijua kukifunga. Sasa hapo ajali haina kinga? Kinga ilikuwepo. Iliachwa kwenye orodha ya vitu vya kulipia zaidi, pamoja na redio na rimu za kung'aa.

Nano ilianguka kibiashara, na sababu zilikuwa nyingi. Mgogoro wa ardhi ya wakulima wa Singur ulilazimisha kiwanda kuhamishiwa Sanand, katika jimbo la Gujarat. Magari kadhaa yalishika moto. Kisha kulikuwa na aibu, kwani Ratan Tata mwenyewe alikiri baadaye kuwa sifa ya "gari rahisi kuliko yote" ililidhuru. Kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya magari 250,000 kwa mwaka kilitengeneza Nano moja tu mwezi Juni 2018. Hapa ndipo ninapowalaumu wenye dharau. Kwa miaka mingi walilizungumzia gari hili kwa kejeli ya umaskini wake, na kejeli hiyo ikafunika swali lililostahili kuulizwa. Swali halikuwa "majirani watasema nini?" Lilikuwa "nikigongwa, nitatoka?"

Sasa niwageukie watetezi. Hoja yao kubwa ni heri nusu shari kuliko shari kamili. Wanasema gari la nyota sifuri ni afadhali kuliko pikipiki yenye watu watatu, na kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hivyo anayedai mifuko ya hewa anataka maskini aendelee kulowa mvua. Hoja hii ina nguvu, na nakubali nusu yake: mtu aliyeketi ndani ya gari ana ukuta ambao aliye juu ya pikipiki hana. Lakini hoja hiyo inaficha jambo moja. Inamlinganisha maskini na hali yake mbaya zaidi, wala haimlinganishi na binadamu mwenzake. Pikipiki inageuzwa kuwa kipimo cha thamani ya uhai wake: chochote kinachoizidi pikipiki kidogo kinamtosha.

Mwaka 2016, nchini Marekani, wapimaji waliyagonganisha magari mawili ya kampuni moja, Nissan. Moja lilikuwa Tsuru, gari la bei rahisi lililouzwa Mexico. Jingine lilikuwa Versa, gari la bei rahisi lililouzwa Marekani. Kwa hiyo huu haukuwa mgongano wa gari la tajiri na gari la maskini. Yalikuwa magari mawili ya watu wa kipato cha chini, yenye nembo moja. Sanamu iliyokaa kwenye usukani wa Versa ilionyesha kwamba dereva angeweza kutoka akiwa hai. Ile ya Tsuru ilionyesha kwamba dereva angekufa. Nissan ilitangaza wakati huohuo kwamba Tsuru haitatengenezwa tena kuanzia mwaka 2017. Kwa hiyo kampuni ilijua kutengeneza gari rahisi lisiloua. Ilifanya hivyo mahali ambapo sheria iliilazimisha, na pasipokuwa na sheria iliendelea kuuza mtindo wa zamani.

Wala gari rahisi si lazima liwe jeneza. Mwaka 2004 Dacia ya Romania ilitoa Logan, gari lililokusudiwa kuuzwa kwa euro 5,000. Wahandisi wake nao walibana matumizi: kioo cha mbele kisichopinda sana, dashibodi ya kipande kimoja, vioo vya pembeni vya umbo moja ili kimoja kiweze kufungwa kulia au kushoto. Mwaka uliofuata lilipata nyota tatu katika majaribio ya Ulaya. Nyota tatu si tano, lakini si sifuri. Na Logan haikufa. Iliuzwa sana, ikazaa ndugu wengine. Mtu anayesema bei ndogo na uhai haviwezi kukaa gari moja, anibishie kwanza hapo.

Turudi nyumbani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa barabara za Afrika huua takriban watu 27 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali za Ulaya huua takriban 9. Serikali zetu zimefanya nini kuhusu magari yanayoingia? Zimehesabu miaka. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu kutengenezwa. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataza magari ya miaka kumi na mitano na zaidi. Sikatai kwamba gari kuukuu lina madhara yake, hasa moshi. Lakini umri si usalama. Toyota Vitz, kipenzi cha Kampala, ina ndugu yake wa Ulaya aitwaye Yaris, na Yaris iliyotoka mwaka 2005 ilipata nyota tano. Vitz ya mwaka huo leo haiingii Uganda kwa sababu ya umri. Gari jipya kabisa, linalong'aa, lenye nyota sifuri, halizuiwi na hesabu hiyo ya miaka. Sheria inayotazama cheti cha kuzaliwa bila kutazama mifupa ni sheria ya nusu.

Na magari mapya ya bei rahisi yanakuja barani kwetu. Novemba 2017 yalitolewa matokeo ya kwanza ya majaribio ya magari yanayouzwa Afrika Kusini. Toyota Etios ilipata nyota nne, Datsun Go+ nyota moja, na Chery QQ3 sifuri. Yote yalikuwa magari ya watu wa kawaida. Mnunuzi aliyesimama mbele yake dukani asingeweza kuijua tofauti kwa macho. Rangi aliiona, bei aliiona. Uimara wa bati lililofichwa ndani ya milango hakuuona. Ndiyo maana siukubali ule usemi wa kwamba mteja ana uhuru wa kuchagua. Huwezi kuchagua kitu ulichofichwa.

Watetezi wataniambia bei itapanda. Ni kweli, itapanda kiasi, na wapo watakaochelewa kununua. Sitalificha hilo. Lakini tazama India. Tangu Julai 2019 kila gari jipya la abiria lililazimika kuwa angalau na mfuko wa hewa wa dereva, na baadaye wa abiria wa mbele pia. Magari madogo hayakutoweka barabarani. Makampuni yalilalamika, kisha yakafunga mifuko. Na kama serikali zetu zinawahurumia kweli wenye kipato kidogo, zinayo njia ya wazi: zipunguze kodi ya gari dogo lililofaulu majaribio, badala ya kuwaachia wauzaji wapunguze bati.

Basi nadai mambo matatu, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaweza kuyaamua pamoja. Kwanza, kila gari jipya libandikwe kwenye kioo cha mbele idadi ya nyota lilizopata, na kama halikupimwa paandikwe halikupimwa. Pili, lisiuzwe gari jipya lisilo na mifuko ya hewa ya mbele, breki za ABS zinazozuia magurudumu yasifunge na kuteleza, na mikanda kwa kila kiti, cha nyuma pamoja. Breki hizo hazimlindi mwenye gari peke yake. Zinamlinda pia mwanafunzi anayevuka barabara. Tatu, ukaguzi wa magari yaliyotumika ufungue kifuniko cha usukani kwa maana ya kweli, kwa kuwa gari lililowahi kugongwa linaweza kurudishwa barabarani likiwa na kifuniko kizuri na nyuma yake pakiwa patupu.

Sisi tunaosoma leo ndio tutakaokuwa wanunuzi wa kesho, na wengi wetu gari la kwanza litakuwa la bei rahisi. Tusilionee haya. Tukifika yadi, tusianze na redio, rangi wala rimu. Tuulize: lina mifuko mingapi ya hewa, breki zake ni za namna gani, na lilipata nyota ngapi? Muuzaji akicheka na kusema ajali haina kinga, tumwachie gari lake twende yadi ya pili.