Risasi Isiyo na Mlio

Askari huijua risasi itokayo mtutuni. Iko nyingine, ya madini, ambayo huua bila mlio. Mgodi wa Kabwe, Zambia, ulifungwa mwaka 1994 baada ya kuchimbwa risasi kwa takriban miaka 90, lakini vumbi lake lingali malishoni. Ng'ombe hulila pamoja na majani. Wataalamu wameikuta sumu hiyo katika maini na mafigo yao, na moto wa jikoni hauiondoi.

Sisi tuliokabidhiwa ulinzi wa raia hatuna budi kujihadhari. Betri kuukuu za magari yetu zina risasi hiyo hiyo, na ng'ombe huzilamba. Tusizitupe ovyo, wala tusiache mifugo ilishwe katika viwanja vya shabaha. Kumlinda mwananchi ni pamoja na kukilinda chakula chake.